Mbwa Akiganda, Ondoa Mkono

Mbwa anapomng'ata mtu wa nyumbani, maneno yanayofuata mara nyingi ni haya: "Lakini alikuwa anatikisa mkia!" Na kweli alikuwa anautikisa. Mkia unaotikisika hueleza kwamba mbwa amechemka moyoni. Kama ni kwa furaha, hofu au hasira, hilo sehemu nyingine za mwili ndizo zinazosema.

Mkia wa furaha huwa mlegevu. Unakwenda huku na huku kwa mapana, mpaka kiuno nacho kinayumba. Ukisimama wima, mgumu, ncha yake ikitetemeka upesi upesi, hapo kuna ugomvi unaonukia. Aliyefyata mkia hadi tumboni anaogopa, hata kama ncha inacheza kidogo. Mwaka 2007 watafiti wa Italia waliwapima mbwa 30 wakakuta kwamba mbwa akimwona mmiliki wake, mkia huelemea zaidi kulia kwake. Akimwona mbwa mgeni mwenye ubabe, huelemea kushoto. Ni ugunduzi mzuri, ila walihitaji kamera kuupima, kwa hiyo usiutegemee katika mambo ya kila siku. Angalia ugumu wa mkia na mahali ulipobebwa, ukilinganisha na hali yake ya kawaida. Mbwa wa aina ya Basenji mkia wake umejikunja mgongoni kwa maumbile, na wa aina ya Greyhound huubeba chini hata akiwa ametulia kabisa.

Habari kamili iko usoni, na huanza na vitu vidogo sana. Mbwa analamba pua ilhali hakuna chakula. Anapiga miayo bila usingizi. Anageuza uso, anainua mguu mmoja wa mbele, ghafla anaanza kunusa sakafu kana kwamba amepoteza kitu. Mdomo uliokuwa wazi unafumbika, na weupe wa jicho unajitokeza pembeni kama hilali. Ishara moja peke yake si hoja: miayo ya kuamka ni miayo tu. Zikija mbili au tatu ndani ya sekunde chache, jambo lile lile likiendelea mbele yake, anakuambia hapendi.

Asiposikilizwa hapo, hupandisha sauti kwa hatua. Hujaribu kuondoka, hurudisha masikio nyuma, hujikunyata. Kisha huganda: mwili unakuwa mgumu, pumzi inakatika, jicho linakaza. Kuganda huko huweza kudumu sekunde moja tu, na ndiko kunakotisha kuliko kelele zote, kwa sababu kinachofuata ni kunguruma, kung'ata hewa, au meno kwenye ngozi. Mikono inayokumbatia shingo ya mbwa, hasa ya watoto, huyakuta haya yote kwa ukaribu, uso kwa uso, wakati mtu mzima yuko pembeni anapiga picha.

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika: mbwa ananguruma, anakaripiwa au anachapwa. Siku chache baadaye hangurumi tena, na watu wanadhani ameshika adabu. Hofu iliyomfanya angurume iko pale pale. Kilichoondolewa ni onyo lake. Mbwa wa namna hiyo ndiye anayesemwa kwamba "aling'ata ghafla". Mbwa wako akinguruma, acha unachofanya, usimkazie macho, mgeuzie ubavu na umpe nafasi ya kuondoka. Baadaye, kichwa kikiwa kimetulia, tafuta alichokuwa anakikataa. (Ngurumo ya mchezo wakati wa kuvutana kamba ni kitu kingine: mwili wake ni laini, anarukaruka, na mara kwa mara huinamisha kidari chini huku makalio yako juu.)

Kuna kipimo chepesi ambacho kila nyumba yenye mbwa ingekizoea. Chuchumaa ubavuni pake, usimwinamie kutoka juu. Mwache asogee mwenyewe. Mkune kidarini au pembeni mwa shingo kwa sekunde 3, kisha ondoa mkono na usubiri. Akikusukuma kwa pua au akiegemea, endelea. Akibaki kimya, akageuza kichwa au akajikung'uta kama aliyetoka majini, yatosha.

Ule uso wa "najua nimekosa" nao umewaponza mbwa wengi. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz aliwachunguza mbwa 14 waliokatazwa kula kitafunio. Uso huo ulitokea zaidi mwenye mbwa alipokaripia, awe mbwa amekila au hakukila. Ni woga wa sauti na mkao wako, tena ni ombi la amani. Kumwadhibu kwa kiatu alichotafuna saa mbili zilizopita humfundisha kuogopa kurudi kwako nyumbani.

Mbwa mwenye hofu anaweza kusaidiwa, na kipimo bora cha hofu yake ni tumbo. Akikataa kipande cha nyama anachokipenda, umemsogeza karibu mno na kinachomtisha. Rudi nyuma mpaka aweze kula na kukutazama. Hapo fuata mpangilio huu bila kuupindua: kwanza akione kinachomtisha, kisha mara moja umpe vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya njegere, kimoja baada ya kingine; kinachomtisha kikitoweka, chakula nacho kinakoma. Ukianza na chakula kabla ya kitisho, atajifunza kwamba nyama ikitoka mfukoni balaa linakuja, na ataanza kuiogopa nyama yenyewe. Dakika 5 zinatosha kwa siku. Punguza umbali pale tu anapokiona na kukugeukia kwa furaha, na siku aliyoshtuka vibaya usimfanyishe zoezi.

Kabla ya mazoezi yote hayo, hakikisha haumwi. Mbwa aliyekuwa mpole akaanza kunguruma akiguswa kiunoni au akiamshwa, huenda ana maumivu ya viungo, meno au masikio, na hakuna zoezi litakaloponya jino. Mhesabie pumzi akiwa usingizini, kwa sekunde 30, uzidishe kwa 2: mbwa mzima mara nyingi hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Akihema kwa ulimi nje ilhali amepumzika na hakuna joto, au hesabu ikibaki juu siku hadi siku, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mrekodi kwa simu akitembea na akiinuka nyumbani, maana mbwa wengi huacha kuchechemea wakishafika kliniki kwa ajili ya woga.