Eti anakumbuka akibebwa mgongoni!

Leo kwenye arobaini ya mtoto, jamaa mmoja kaapa mbele za watu kwamba anakumbuka alivyobebwa kwa kanga, hajatimiza hata mwaka.

Mkeka mzima tukacheka.

Kwa watu wazima wengi, kumbukumbu ya kwanza ni ya umri wa miaka 3 hadi 3 na nusu. Nyuma ya hapo, kiza.

Ila mtoto mchanga anashika mambo, msimdharau. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carolyn Rovee-Collier, alimfunga mtoto utepe kwenye kifundo cha mguu, ncha ya pili akaifunga kwenye midoli inayoning'inia juu ya kitanda.

Akirusha teke, midoli inacheza.

Wa miezi 3 aliukumbuka mchezo huo kama wiki moja. Wa miezi 6, wiki mbili hivi.

Basi mbona kumbukumbu hizo hazidumu?

Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio, utotoni huzalisha seli mpya kwa kasi. Zikijiunga na za zamani, zinavuruga njia zilizokuwepo. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto walipunguza uzalishaji huo kwa panya wachanga: kusahau kukapungua. Walipouongeza kwa panya wakubwa, wakasahau zaidi. Mimi maelezo haya ndiyo yananiingia.

Huyo jamaa yetu? Nadhani kasimuliwa na bibi, au kaona picha, akili ikamalizia.

Haya, ya kwako ya kwanza ni ipi? Na una hakika hukusimuliwa? 😄