Nataka kukuona

Simu yetu ya mezani ilikuwa ya kuzungusha namba kwa kidole, na mdogo wangu alikuwa akijua inaita kupitia kiganja. Ni kiziwi tangu kuzaliwa. Akiwa ameegemea meza anahisi ule mtetemo, anakimbia kumvuta mama nguo. Mama ananyanyua mkonga, anaanza kucheka na kutikisa kichwa, na mtoto aliyemwita anabaki amesimama pale pale, macho kwenye midomo ya mama, akisubiri kuambiwa nani huyo na kasema nini. Mara nyingi aliambiwa baadaye, kwa kifupi. Mara nyingine tulisahau.

Ndiyo maana historia ya simu huwa naisoma kwa jicho lake. Maneno ya kwanza yaliyosikika kwenye simu, tarehe 10 Machi 1876 mjini Boston, Alexander Graham Bell alimwambia msaidizi wake: "Bwana Watson, njoo hapa, nataka kukuona." Nataka kukuona! Na Bell alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake hakuwa akisikia vizuri, na Mabel, aliyemuoa mwaka uliofuata, alipoteza usikivu akiwa mtoto mdogo kwa sababu ya homa. Mtu aliyezungukwa na viziwi akavumbua chombo ambacho mkewe mwenyewe asingeweza kukitumia. Simlaumu, ila kila nikilikumbuka hilo moyo unaniuma.

Picha ilichelewa sana. Aprili 1927 uso wa Herbert Hoover, aliyekuwa waziri wa biashara wa Marekani, ulionekana New York akiwa Washington, lakini yeye hakuwaona waliokuwa wakimtazama. Mwaka 1936 Wajerumani waliunganisha Berlin na Leipzig, watu wakaonana kutoka kwenye vibanda maalumu. Vita ikaizima huduma hiyo. Kisha ikaja Picturephone, simu ya kuonana ya kampuni ya Marekani ya AT&T, ikaoneshwa New York mwaka 1964 na kuuzwa Pittsburgh mwaka 1970, wateja wakawa wachache sana. Mwaka huohuo wa 1964, mwanafizikia kiziwi, Robert Weitbrecht, alitengeneza kifaa cha kuunganisha mashine za kuchapa za teleksi na simu ya kawaida: unaweka mkonga juu yake, herufi zinageuka sauti, upande wa pili zinageuka tena herufi. Kwangu mimi hilo ndilo tukio kubwa la simu la mwaka ule.

Mdogo wangu alipopata simu ya mkononi, meseji zilitusaidia. Tuliandikiana mchana kutwa. Lakini maandishi ni lugha yetu sisi tunaosikia. Lugha ya ishara ina sarufi yake, na sehemu yake kubwa iko usoni. Nyusi zikipanda, ni swali. Ukimnyima uso umemkata ulimi.

Simu ya kwanza ya mkononi ya kuonana, VP-210 ya Kyocera, ilitoka Japani mwaka 1999 ikituma picha 2 tu kwa sekunde. Kwa anayesikia ingetosha, maana sauti ndiyo inayobeba maneno. Kwa anayeongea kwa mikono, katikati ya picha hizo mbili ishara nzima imeshapita.

Sasa tunaonana karibu kila siku. Cha kwanza anachofanya ni kuegemeza simu kwenye chupa ya maji, kwa sababu anahitaji mikono yote miwili. Anarudi nyuma hatua moja ili kifua na mikono viingie kwenye kioo. Akikuta nimekaa na dirisha mgongoni ananigombeza hapo hapo, mimi ni kivuli na kivuli hakisomeki. Mtandao ukiwa dhaifu, uso wake unabaki safi ila vidole vinageuka vipande vipande. Ni kwa sababu programu haitumi picha nzima kila mara, inatuma zile sehemu zilizobadilika, na kwa mdogo wangu kinachobadilika muda wote ndiyo hiyo mikono. Hapo anapunguza kasi, anarudia, tunaendelea.

Kinachonikera hadi leo ni simu za familia nzima. Programu tunayotumia humkuza anayetoa sauti. Mtu akikohoa anajaa kwenye kioo, na mdogo wangu anaweza kusimulia jambo zito kwa dakika mbili akiwa kwenye kijisanduku pembeni, hakuna anayemtazama. Waliotengeneza hawakumfikiria mtu wa namna yake.

Mtoto wake, anayesikia, ndiye aliyepata njia. Anakaa kando yake wakati wote, na mikono ya mama yake ikianza kunyanyuka tu, anapaza sauti: "Mama anaongea!" Picha inaruka, anajaa kioo kizima, na sisi wote tunanyamaza kumtazama.