Samhain, sikukuu iliyotangulia maboga

Kila Oktoba simu yangu hujaa ujumbe wa sauti kutoka nyumbani. Mashangazi, majirani wa zamani, hata watu niliosoma nao, wote wananionya nisije nikaingia kwenye "sikukuu ya shetani ya Wamarekani". Wanamaanisha Halloween. Siwalaumu, maana picha zinazowafikia ni za maboga yaliyochongwa meno na watoto waliopakwa damu ya bandia. Ila mimi naishi kaunti ya Meath, Ayalandi, na sikukuu hiyo Wamarekani waliichukua huku. Ukikaa na wazee wa hapa wakikusimulia, utasikia habari za ng'ombe kuliko za shetani.

Jina lake la huku ni Samhain, hutamkwa "sawin", na hadi leo ndilo jina la mwezi wa Novemba kwa Kiayalandi. Mwaka wa zamani uligawanywa mara nne: Imbolc mwanzoni mwa Februari, Bealtaine Mei mosi, Lughnasadh mwanzoni mwa Agosti, na Samhain Novemba mosi, baridi inapoingia. Kuanzia Mei mifugo ilipandishwa malisho ya milimani, na vijana, hasa wasichana, walikaa nayo huko wakikamua na kusukasuka maziwa wapate siagi. Samhain ikifika, wote wanateremka. Hapo ndipo mwenye ng'ombe anaamua yupi atalishwa hadi baridi iishe na yupi achinjwe, kwa sababu nyasi zilizokaushwa haziwatoshi wote. Kodi ya ardhi ililipwa siku hizo, na vibarua wa msimu walimaliza mkataba wao. Mfugaji wa Simanjiro angekaa kwenye kikao hicho bila mkalimani.

Kwa nini basi shughuli iwe usiku wa tarehe 31 Oktoba? Wakelti, watu wa kale wa Ulaya magharibi, walihesabu siku kuanzia jua linapozama. Julius Caesar, jemadari wa Roma, aliliandika hilo kuhusu Wagali, Wakelti waliokaa Ufaransa ya leo: kwamba muda wanauhesabu kwa usiku, na mchana unafuata. Mtu wa Pwani hahitaji somo hapo. Kwetu Tanga usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia magharibi ya Alhamisi, basi. Kwa hiyo Oíche Shamhna, usiku wa Samhain, tayari ni Novemba mosi yenyewe.

Usiku huo, kwa mujibu wa hadithi za kale, vilima vya makaburi hufunguka na viumbe wa upande wa pili hutoka. Ninayoipenda ni ya Aillén, aliyekuwa akija Tara, makao ya wafalme, kila Samhain. Anapiga muziki hadi walinzi wote wanalala fofofo, kisha anapuliza moto na kuuteketeza mji. Fionn mac Cumhaill, kijana bado, alijikandamiza paji la uso kwa ncha ya mkuki wenye sumu ili asisinzie, akamuua. Tara ipo, ni mwendo mfupi wa gari kutoka kwangu, na ukifika usitarajie kasri: ni nyasi, kondoo, na tuta moja lenye njia ya mawe ndani. Jua linapochomoza siku za Samhain huingia kwenye njia hiyo. Tuta hilo lina miaka zaidi ya 5,000, yaani lilikuwapo muda mrefu kabla lugha ya Kikelti haijafika kisiwani.

Karibu na mji mdogo wa Athboy kuna kilima kingine, Tlachtga. Padri Seathrún Céitinn, aliyeandika historia ya Ayalandi katika karne ya 17, anasema madruidi, makuhani wa dini ya kale, waliwasha hapo moto mkuu usiku wa Samhain, na kila jiko nchini lilizimwa ili liwashwe upya kwa moto huo. Inasisimua, lakini Céitinn aliandika zaidi ya miaka 1,000 baada ya Ukristo kuingia, na mimi nampa sikio moja tu. Vivyo hivyo na habari za wafu. Mwanahistoria Ronald Hutton anaonya kwamba hakuna ushahidi wa uhakika kuwa Samhain ya kabla ya Ukristo ilikuwa sikukuu ya marehemu. Kanisa ndilo lililoweka Watakatifu Wote Novemba mosi na Marehemu Wote siku inayofuata. Desturi ya kuacha mlango bila komeo na moto ukiwaka ili marehemu wa nyumba waingie kuota moto huenda imetoka huko. Hilo niliwahi kumjibu shangazi mmoja, Mkatoliki safi, akanyamaza kidogo, kisha akauliza habari za baridi.

Maboga yaliingia huko Marekani tu. Huku walichonga tanipu, mzizi mgumu ajabu, na katika jumba la makumbusho la Turlough, kaunti ya Mayo, kuna mfano wa moja iliyotoka Donegal: uso uliokunjamana, mbaya kuliko boga lolote. Wahamiaji walipovuka bahari walikuta boga, laini na kubwa, wakaachana na mateso.

Chakula chenyewe hakina nyama, kwa kuwa mkesha wa Watakatifu Wote ulikuwa siku ya kujinyima. Colcannon ni viazi vilivyopondwa na kabichi au jamaa yake sukuma wiki, siagi ikimwagwa kishimoni katikati. Mimi naongeza pilipili mbuzi, na wenyeji wananitazama. Halafu kuna barmbrack, mkate wa zabibu kavu wenye pete ndani: ukiikuta, utaolewa kabla mwaka haujaisha. Zamani waliweka pia kitambaa cha umaskini na sarafu ya utajiri. Ya dukani siku hizi ina pete tu, kwa hiyo tafuna polepole.

Kwa mgeni aliyehamia karibuni: Jumatatu ya mwisho ya Oktoba ni mapumziko ya kitaifa. Fataki haziruhusiwi bila leseni lakini utazisikia wiki nzima, na mbwa watazisikia zaidi. Watoto watagonga mlango kuomba zawadi jioni ya tarehe 31. Karanga na tufaha ndizo walizopewa babu zao, ila wa sasa wanataka pipi. Kama hutaki wageni, usiwashe taa ya nje, wanaelewa.