Nauli ya Mzunguko wa Kwanza

Jumatano, 24 Septemba 2025

Siku tatu zimepita tangu fainali ya mita 800 ya wanawake katika Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo, na bado siwezi kusema kwa moyo mweupe kwamba niliiona. Nilikuwa mbele ya televisheni, sahani ya pilau magotini, sauti nimeipandisha hadi Mama akalalamika kutoka jikoni. Sikupepesa macho tangu bastola ilipolia mpaka mtu wa mwisho alipovuka mstari. Hata hivyo, Mkenya Lilian Odira alipokuwa akiwapita Waingereza katika mnyoosho wa mwisho, mimi nilikuwa nikimtazama mtu mwingine. Nilimwona bingwa pale tu alipokwisha kuwa bingwa.

Mtu niliyekuwa nikimtazama ni Mary Moraa, Mkenya mwenzake, na sababu ninayo. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka 2022, Moraa alitoka kwa kasi ya kutisha, akashikwa, akapitwa na mmoja baada ya mwingine mpaka sisi tuliokuwa tukimtazama tukamkatia tamaa. Kisha, mahali ambapo mwili wa binadamu huwa umeshamaliza akiba yake, akaanza kurudi, akawapita wote na kushinda kwa 1:57.07, Keely Hodgkinson wa Uingereza akiwa wa pili. Mwaka uliofuata, mjini Budapest, akawa bingwa wa dunia kwa 1:56.03, Hodgkinson akiwa wa pili tena. Mtu aliyekwisha kukuonyesha muujiza wa aina hiyo anakuharibu macho. Kila anapopungua kasi unasema moyoni kwamba hajapungua, anapumua tu, subiri kidogo utaona.

Basi Jumapili nilisubiri. Wanawake wanane walikimbia kona ya kwanza kila mmoja katika njia yake, kama sheria ya mbio hizi inavyotaka, na walipofika mahali pa kuachana na njia na kuingia ndani, Moraa aliwaongoza, akaendelea kuwaongoza, na kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia kabla ya sekunde 56 kutimia. Nilisimama. Hiyo si kasi ya kawaida ya mzunguko wa kwanza katika fainali ya mashindano makubwa, ambako hakuna mtu aliyelipwa kuongoza kasi na kila mmoja anaogopa kuwa kuni ya moto atakaouota mwenzake. Moraa aliuwasha moto huo mwenyewe. Kisha ukamla. Alipoanza kupitwa niliendelea kumtazama yeye, nikimngojea arudi kama alivyorudi Birmingham, na wakati huohuo upande wa pili wa kioo mbio zilikuwa zikiamuliwa na watu ambao sikuwa nikiwatazama.

Nililala na jambo hilo, kwa kuwa linanigusa kuliko linavyopaswa kumgusa mtu wa umri wangu mwenye magoti yangu. Mwaka 2008 nilikuwa msichana wa shule, na Pamela Jelimo alipokimbia Beijing tulijazana nyumbani kwa jirani tukamwona akichukua uongozi mapema na kuushika hadi mwisho, 1:54.87, Janeth Jepkosgei akimfuata kwa mbali na medali ya fedha. Jelimo alikuwa na miaka 18 tu, na hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki kabla yake. Nancy Jebet Langat aliongeza ya pili katika mita 1500 siku chache baadaye. Mwisho wa mwezi huohuo, mjini Zurich, Jelimo alikimbia 1:54.01, ambayo hadi leo ni rekodi ya Afrika. Sisi wasichana tuliotazama tulijifunza somo moja tu: ukitaka kushinda mita 800, tangulia, usiangalie nyuma.

Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kuliweka somo hilo katika vitendo, katika mashindano ya shule, kwenye uwanja wa nyasi uliochorwa mistari kwa majivu. Nilitangulia. Sikuangalia nyuma. Kwa mita 600 hivi nilikuwa Jelimo mwenyewe, na hata leo naweza kuusikia upepo wa masikioni na kelele za darasa letu. Kisha mapaja yakajaa kitu kizito kama unga uliokandwa, mikono ikaanza kupanda kifuani, shingo ikakaza, na wasichana ambao sikuwa nimewafikiria wakaanza kunipita bila haraka yoyote. Nilimaliza wa sita. Mwalimu wetu wa michezo alinifunika leso mabegani, akaniambia kwa upole ambao uliniuma kuliko angenigombeza, "Umewalipia wenzio nauli, binti, kisha wewe ukashuka njiani."

Sijapata maelezo bora ya mbio hizi tangu siku hiyo. Anayetangulia hukata upepo, hubeba wasiwasi wa kupanga kasi, na huwaonyesha walio nyuma kila dalili ya uchovu wake. Wao wamekaa tu. Faith Kipyegon ndiye ninayemtoa katika hesabu hiyo. Jumanne ya wiki iliyopita, katika uwanja huohuo wa Tokyo, aliongoza fainali ya mita 1500 na kuimaliza kwa 3:52.15, taji lake la nne la dunia katika masafa hayo, Mkenya mwenzake Dorcus Ewoi akitwaa fedha, nami niliitazama nikiendelea kukunja nguo. Kipyegon halipi nauli kwa sababu gari ni lake.

Usiku wa Jumapili niliirudia fainali ya mita 800 kwenye simu, na safari hii nilijilazimisha kumfuata Odira peke yake, hata pale kamera ilipokuwa na shughuli na wengine. Ilikuwa kama kutazama mbio nyingine. Hakuna dakika hata moja ya fujo ndani yake. Yuko nyuma ya walio mbele, si mbali hata akatike, si karibu hata aingie katika msukumano wao, na anapofika kwenye mnyoosho wa mwisho mabega yake bado yako chini. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ameongeza kasi. Sasa naamini kwamba macho yalinidanganya, kama yanavyowadanganya watazamaji wengi wa mita 800. Katika mbio zinazokimbiwa kwa ukali wa namna hii karibu kila mtu hukimbia mzunguko wa pili polepole kuliko wa kwanza, mshindi akiwamo. Ukigawanya muda wa Odira mara mbili unapata sekunde 57.31 kwa kila mzunguko, na kundi lile halikupita kwenye kengele kwa utulivu wa aina hiyo. Yeye hakuruka. Wengine walizama, naye akazama kidogo kuliko wao.

Alivuka kwa 1:54.62, na tarakimu hizo zilinifanya nisimamishe picha. Rekodi ya Mashindano ya Dunia ilikuwa 1:54.68 ya Jarmila Kratochvílová wa Czechoslovakia, iliyowekwa Helsinki mwaka 1983, katika mashindano ya kwanza kabisa ya dunia. Miaka 42 ilipita. Jepkosgei alishinda Osaka mwaka 2007, Caster Semenya wa Afrika Kusini akashinda, Moraa akashinda, na hakuna aliyeigusa. Nchi yenyewe iliyoandikwa pembeni ya rekodi hiyo ilitoweka kwenye ramani, rekodi ikabaki. Aliyekuja kuipunguza kwa sekunde 0.06 ni askari wa magereza wa Kenya, mama wa watoto wawili, ambaye mwaka mmoja kabla alikwenda Olimpiki ya Paris na kurudi bila kufika fainali, na ambaye hakuwa amewahi kukimbia chini ya 1:55 maishani mwake. (Rekodi ya dunia ya Kratochvílová, 1:53.28 ya mwaka huohuo wa 1983, bado ipo. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kufuatilia mbio hizi naiona kama kitu ambacho mtu anaweza kukifikia.)

Neno hilo la "mama wa watoto wawili" limerudiwa na watangazaji mpaka likapoteza ladha, kana kwamba ni pambo la kumvika mshindi. Mimi ningependa litajwe kama hesabu. Mkimbiaji wa masafa ya kati akipata mtoto hupoteza miezi mingi ya mazoezi, kisha huanza upya na mwili ambao si ule alioufahamu, usingizi wa vipande vipande, na wapinzani ambao hawakusimama kumngojea.

Mara ya tatu niliwafuata Waingereza, na hapo nikapata kitu ambacho sikukitarajia, yaani huruma kwa Hodgkinson. Huyu ni bingwa wa Olimpiki wa Paris, aliyeumia misuli ya nyuma ya paja, akakaa zaidi ya mwaka mmoja bila kushindana, na aliporudi mwezi Agosti akakimbia 1:54.74 katika mbio yake ya kwanza. Kila mtu alimpa dhahabu kabla hajapanda ndege. Katika mita za mwisho Odira alimpita, na pale pale kwenye mstari Georgia Hunter Bell, anayefanya naye mazoezi chini ya makocha walewale, akamnyang'anya na fedha pia. 1:54.90 kwa 1:54.91. Sekunde 0.01 ni unene wa kifua kilichoinamishwa mapema. Hunter Bell aliwahi kuacha riadha kabisa na kufanya kazi ya usalama wa kompyuta, kisha akarudi na kupata shaba ya mita 1500 huko Paris. Nilijaribu kupata picha ambamo mmoja wao amekwishajua matokeo naye mwingine bado, nikashindwa. Zote mbili nyuso zinatazama juu, kwenye ubao.

Uwanja huo una historia yake na mbio hizi. Umejengwa pale pale uliposimama uwanja wa Olimpiki ya mwaka 1964, ambako Ann Packer, Mwingereza aliyekuwa hasa mkimbiaji wa mita 400 na ambaye mita 800 alikuwa hajazikimbia mara nyingi, alikaa nyuma ya kundi, akawapita wote mwishoni na kushinda kwa 2:01.1. Na Wajapani wenyewe wana jeraha la zamani zaidi. Mwanamke wao wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, Hitomi Kinue, aliipata Amsterdam mwaka 1928 katika mita 800, akiwa wa pili nyuma ya Lina Radke wa Ujerumani, baada ya kushindwa katika mita 100 na kujitosa katika masafa ambayo hakuyazoea. Miaka mitatu baadaye, tarehe ileile ya 2 Agosti, alifariki akiwa na miaka 24. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba wanawake wale walianguka ovyo na kwamba masafa yaliwazidi nguvu, ingawa wote tisa walimaliza. Wakubwa wa michezo wakaiondoa mbio hiyo, na wanawake hawakukimbia tena mita 800 katika Olimpiki hadi Roma mwaka 1960. Miaka 32 ya kukatazwa kwa sababu ya kuonekana wamechoka, katika mbio ambayo hakuna aliyeikimbia vizuri akamaliza bila kuchoka.

Kukatazwa huko hakukuisha kabisa, kumebadilika sura. Nilipotafuta fainali za zamani nilikutana na ile ya Rio ya mwaka 2016, na jukwaa lake lote ni la Afrika: Caster Semenya, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Kanuni za homoni zilizoanza kutumika mwaka 2019, zilizowataka wanawake wenye testosterone nyingi ya asili kuipunguza ndipo washindane, ziliwaondoa wote watatu katika masafa hayo, na hakuna hata mmoja wao aliyeyakimbia tena katika Mashindano ya Dunia. Mwaka huu Shirikisho la Riadha Duniani limeongeza kipimo cha jeni, cha kuthibitisha jinsia, ambacho kila mwanamke anapaswa kukipita mara moja ndipo aruhusiwe. Najua hoja za pande zote mbili, na najua kwamba wapo wanariadha wanaoshukuru. Mimi picha ile ya Rio siwezi kuitazama kwa raha. Wambui alikuwa na miaka 20.

Jana jioni Mama aliniuliza ninachokitazama kila siku kwenye simu, nikamwekea. Aliitazama ameishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na macho, kama anavyoshika risiti ya umeme. Kengele ilipolia akauliza, "Huyu wa mbele ndiye wetu?" Nikamwambia ndiye. Odira akashinda, Mama akapiga kofi moja, akasema "Mashallah," kisha akaendelea kutazama, huku kamera ikiwa imekwishahamia kwa bingwa aliyefunga bendera mabegani.

"Na yule aliyekuwa mbele," akasema, "kapotelea wapi?"

Nikairudisha nyuma. Ilibidi niirudishe mara mbili, kwa kuwa kwenye mstari anaonekana kwa muda mfupi tu, pembeni ya picha, nyuma kabisa ya wenye medali. Nikamwekea kidole.