Mama wa mgonjwa

Wiki hii majibu ya wifi yametoka, anafaa kumpa kaka yake figo, na Nuru kapangiwa kidato cha tano Tabora. Nami usiku huu sina la kuandika ila maneno ya nesi wa kliniki ya meno.

"Mama, mwanao ana mzio wa dawa yoyote?"

Mwanao! Nilivaa lile dera la kijani mlilolisifia Idi. Usingizi sina tangu mwaka jana, nakubali, na wanja sikupaka. Lakini mama? Baba Nuru kanizidi umri!

Nikajibu, "Hana." Basi. Majibu ya maana ndiyo yananijia saa hizi: "Mwanangu yuko nyumbani, huyu ni baba yake." Au ningemshika mkono tu kimke-mke, ule wa kulia, maana wa kushoto una fistula, ule mshipa ulioungwa ili achomwe sindano za mashine ya kusafisha damu, hata presha haupimwi.

Tulikwenda Alhamisi kwa makusudi. Jumatano alikuwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na kule hutiwa heparini isigande. Ukimng'oa mtu jino siku hiyohiyo mtakesha na pamba. Magego mawili yalishaoza. Moja lina usaha chini na yeye hasikii hata maumivu. Daktari (huyu sina ugomvi naye) akatuonyesha kwenye picha doa jeusi penye ncha ya mzizi. Akishapandikizwa atameza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, na hapo ndipo doa kama lile huamka. Kwa hiyo bila barua ya daktari wa meno, hapangiwi tarehe. Tangu Muhimbili walipoanza kupandikiza figo mwaka 2017 nimesoma habari za wachangiaji, gharama, dawa za maisha. Meno hayakuwahi kunipita akilini.

"Mama, akiumwa mpe panadol tu, diklofenaki asiguse," nesi akaniagiza mlangoni. Mama tena.

Kwenye bajaji nikaanza kulalamika. Baba Nuru, pamba mdomoni, mabega yakawa yanamtikisika. Nikadhani ganzi imeisha, analia. Kumbe anacheka!

"Shikamoo, mama," akasema, midomo imelala upande.

"Marahaba, mwanangu. Funga mdomo, ng'ata pamba."

Tukacheka mpaka dereva akageuka. Sijui lini mara ya mwisho nilimsikia hivyo. Kisha nikamtazama. Kola imempwaya shingoni, mkanda umetobolewa tundu jipya, miguu ndani ya suruali ni kama ya mvulana. Mimi namwona kila siku, sijui nilikuwa naangalia nini. Yule nesi alimwona mara moja tu.

Haya. Fomu ya shule inataka godoro la futi mbili na nusu, la Nuru ni tatu na nusu. Kuna anayejua kama mafundi wa magodoro wanakata bila kuliharibu? Anaripoti Jumatatu.