Kenya Ilipoibana Iran Mjini Ahmedabad

Oktoba 2016 timu ya Kenya ya kabaddi, mchezo ambao mvamizi mmoja anaingia upande wa walinzi kuwagusa na kurudi kwao kabla hawajamkamata, ilikwenda India kucheza Kombe la Dunia, nami nikafunga safari kuifuata. Mchezo huu nilikuwa nikiutazama kwenye televisheni tangu ligi ya kulipwa ya India ilipoanzishwa mwaka 2014, na nilishaupenda. Sasa vijana wa Kenya walikuwa miongoni mwa mataifa 12 yaliyoitwa Ahmedabad, jimbo la Gujarat, kuanzia tarehe 7 hadi tarehe 22. Kukaa nyumbani na kusubiri matokeo kungeniuma.

Uwanja wa ndege wa Mumbai jambo la kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya asikisahau. Kutoka hapo nilipanda treni ya kwenda kaskazini, safari ya karibu kilomita 500: Surat, kisha daraja la mto Narmada pale Bharuch, kisha Vadodara. Wauza chai wanapita behewani wakinadi kwa sauti moja ndefu isiyokatika.

Niliketi mkabala na mzee mmoja aliyekuwa akirudi kwao Gujarat kwa ajili ya sikukuu ya Navratri. Aliposikia ninakwenda kuangalia kabaddi, na tena kuishangilia Kenya, alicheka kwa furaha, akakusanya vikombe vya karatasi vya chai tuliyokuwa tumekunywa sote pale, akavipanga saba mezani kwa upinde. Hao ndio walinzi. Kidole chake kikawa mvamizi. "Watu wote wanamtazama huyu," aliniambia huku akikichezesha kidole. Kisha akagusa vikombe viwili vya mwisho, cha kushoto na cha kulia. "Wewe watazame hawa wa kona. Mechi iko miguuni mwao." Kwa mashindano yote yaliyofuata nilifuata ushauri huo, na sijui kama ningeielewa hata nusu ya niliyoyaona bila mzee yule.

Ahmedabad ilinipokea usiku wa ngoma. Navratri huchukua siku tisa, na Gujarat ndiko hasa inakochezwa garba: watu mamia kwa mamia wanazunguka kwa duara, wanapiga makofi, wanageuka pamoja, sketi zenye vioo vidogo vidogo zikimeta. Tuktuk yangu kutoka stesheni ya Kalupur ilisimama mara kadhaa kwa sababu barabara ilikuwa imejaa wachezaji. Dereva hakuonyesha haraka yoyote. Kwenye sikukuu ile haraka ingekuwa utovu wa adabu.

Mechi zote zilichezwa katika jumba moja, The Arena, upande wa ziwa Kankaria. Nje kuna joto la Gujarat, ndani kuna ubaridi na mkeka wa rangi kali chini ya taa. Uwanja wenyewe ni mdogo kuliko unavyoonekana kwenye televisheni: mita 13 kwa 10, umekatwa katikati na mstari mmoja. Kila upande una wachezaji saba. Mvamizi anavuka peke yake kwenda kwa wapinzani, akitamka "kabaddi, kabaddi" bila kuvuta pumzi nyingine, na ana sekunde 30 za kugusa mtu na kurudi kwao. Akifanikiwa, aliyeguswa anatoka nje. Akikamatwa, anatoka yeye, na upande uliomkamata unamrudisha mwenzao mmoja aliyekuwa nje. Timu ikimalizwa wote, wapinzani wanaongezewa pointi mbili, na hiyo wanaiita lona. Dakika 20, mapumziko, dakika 20 nyingine.

Karatasi haiwezi kueleza sauti. Ukikaa karibu na mkeka unaisikia pumzi ya mvamizi inavyopungua. Anapoingia, neno linatoka zito na la wazi. Anapoukaribia mstari wa bonasi, ule wa ndani unaoweza kumpa pointi ya ziada, linakuwa jembamba, na walinzi wanalisikia vilevile. Wanajua ni lini atalazimika kugeuka, nao wanasubiri ageuke.

Siku ya ufunguzi India, wenyeji na mabingwa wa makombe yote mawili yaliyotangulia, lile la 2004 Mumbai na la 2007 Panvel, walikutana na Korea Kusini. Jumba lote lilikuja kwa sherehe. Korea wakashinda 34-32. Jang Kun Lee alikuwa akiwavamia Wahindi kana kwamba anawafahamu mmoja mmoja, na kwa kweli aliwafahamu, maana alikuwa akicheza nao kwenye ligi yao. Filimbi ya mwisho ilipolia jumba lilinyamaza kabisa. Kisha watu wa safu ya mbele yangu wakasimama na kuwapigia makofi Wakorea. Nimekwenda viwanja vingi vya michezo; heshima ya namna ile kwa mgeni aliyekuharibia sherehe sijaiona mara nyingi.

Pakistan hawakuwapo. Uhusiano wa nchi hiyo na India ulikuwa umechafuka mwezi mmoja kabla, na shirikisho la kimataifa likaamua wasialikwe. Bado naona lilikuwa pengo kubwa, kwa sababu kombe la dunia la kabaddi bila Pakistan linakosa mmoja wa wenye mchezo.

Kenya walipangwa kundi moja na Iran, Thailand, Japan, Marekani na Poland. Nahodha alikuwa David Mosambayi. Mechi na Poland ilikuwa ya purukushani, pointi zikimiminika kila upande, na Kenya wakashinda 54-48. Kenya wakawazidi Marekani kila idara, 74-19. Thailand wakawafundisha somo chungu, 53-21, na ndipo nilipoona kwa macho yangu lile la kona: walinzi wetu wa pembeni walikuwa wakiruka mapema, mvamizi wa Thailand anainamisha bega tu, wao wameshatoka mahali pao, mlango uko wazi. Nguvu Kenya walikuwa nazo tele. Kilichopungua ni subira, nayo haiji kwa mwaka mmoja wala miwili ya mazoezi.

Siku isiyo na mechi ya kwetu nilikwenda Lal Darwaja kuuona msikiti wa Sidi Saiyyed. Uko kwenye kisiwa cha barabara, magari yanauzunguka pande zote, na ni rahisi kuupita. Ulijengwa mwaka 1573, na aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mmoja wa Waafrika waliopanda vyeo katika utawala wa masultani wa Gujarat. Madirisha yake ya mawe yamechongwa matawi yaliyosokotana hadi huwezi kujua tawi lipi linaanzia wapi, na mwanga wa jioni unapenya kwenye matundu hayo ukaanguka sakafuni. Nilikaa pale muda mrefu. Nilikuwa nimekuja Ahmedabad nikidhani sisi ni wageni kabisa katika mji ule. Mlinzi wa msikiti aliponiuliza natoka wapi nikamjibu Kenya, alitikisa kichwa kana kwamba nimemtajia mtaa wa jirani, akanionyesha dirisha linalopendeza zaidi.

Mechi na Iran ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Iran walikuwa wamefika wakiwa timu ya pili kwa ubora duniani, na wengi waliamini pengo kati yao na India ni dogo. Miaka miwili nyuma, kwenye fainali ya Michezo ya Asia mjini Incheon, India waliwashinda kwa pointi mbili tu, 27-25. Nahodha wao, Meraj Sheykh, alikuwa mvamizi mwenye utulivu wa ajabu. Kwenye kona ya kushoto alisimama Fazel Atrachali, na huyo ukimtazama dakika tano utaelewa vikombe vya yule mzee. Hachezi na macho ya mvamizi. Anachunga kifundo cha mguu tu. Mguu ukitua karibu naye kwa nusu ya nukta, ameshaudaka, na wenzake wanafunga kutoka upande wa pili kama juya linalovutwa ufukweni.

Nilitarajia kipigo, na mashabiki wa Kihindi waliokuwa karibu nami walinipa pole kabla mpira, kama wasemavyo kwetu, haujaanza. Lakini walinzi waliocheza jioni ile hawakuwa tena wale waliokuwa wakiruka mapema. Walishikana mikono wawili wawili, wakarudi nyuma hatua kwa hatua, wakamwacha Muirani aingie, aendelee kutamka, pumzi impungukie, na ndipo wakamwangukia. Wavamizi wetu nao waliacha pupa. Wakikosa nafasi wanavuka mstari wa kuhalalisha uvamizi, wanarudi, wanasubiri uvamizi wa tatu, ule ambao ukirudi mikono mitupu unatolewa nje. Polepole jumba likaanza kuhama. Mama mmoja aliyekuja na wanawe watatu aliniuliza kwa ishara jinsi ya kulitamka jina la nchi yetu vizuri, kisha akawaongoza wanawe kulipiga kelele. Hadi dakika za mwisho nilikuwa bado naamini.

Iran 33, Kenya 28. Pointi tano. Ukiziweka kando ya zile 32 walizopoteza kwa Thailand utaona walipiga hatua kiasi gani ndani ya mashindano hayohayo. Wachezaji wa Iran walikuja kuwakumbatia wetu mmoja mmoja, na hawakufanya hivyo kwa adabu ya kamera. Walikuwa wamechoka kweli.

Kundi lile lilikuwa na maajabu mengine. Poland, hawa tuliowashinda sisi, waliwalaza Iran 41-25. Thailand wakawatoa Japan kwa 37-33 na kwenda nusu fainali, ambako India waliwasaga 73-20. Kwenye nusu fainali nyingine Iran wakawatoa Korea Kusini 28-22.

Tiketi ya fainali nilikuwa nimeitunza tangu mwanzo. Tarehe 22 mitaa ya Kankaria ilijaa watu wenye bendera tangu mchana. Mapumziko yalifika Iran wakiongoza 18-13, na karibu nami kijana mmoja alifunika uso kwa bendera yake hakutaka kuona tena. Kipindi cha pili Ajay Thakur aliingia na kutoka, aliingia na kutoka. Mtu mrefu, mkono mrefu, mwenye mruko wa kupita juu ya migongo ya wanaomwinamia. Alimaliza na pointi 12. India 38, Iran 29, kombe la tatu mfululizo. Nje fataki zililipuliwa na wauza chai wakagawa vikombe bure, nami nikapewa viwili kwa sababu ya jezi ya Kenya niliyovaa.

Usiku ule, foleni ya tuktuk ikiwa haisogei, tulibishana mimi na mashabiki wawili wa Surat. Wao walisema India hawatashindwa fainali wala nusu fainali kwa kizazi kizima. Mimi nilisema timu yenye kona kama zile za Iran haitasubiri kizazi. Juni 2018 Kenya walialikwa Dubai, mashindano ya timu sita tu, pamoja na India, Iran, Pakistan, Korea Kusini na Argentina. Hapo India wakawashinda tena Iran kwenye fainali, 44-26, na mmoja wa wale wa Surat akaniandikia kunikumbusha ubishi wetu. Miezi miwili baadaye, Jakarta, Iran waliitoa India nusu fainali ya Michezo ya Asia kwa 27-18, India waliokuwa wametwaa kila dhahabu ya wanaume tangu kabaddi iingizwe kwenye michezo hiyo mwaka 1990. Kisha wakawashinda Korea Kusini na dhahabu ikaenda Tehran. Zamu hii mimi ndiye niliyeandika.