Kilohezi 8.27: ruhusa kwanza, koili baadaye

Februari 9

Leo nimezing'oa fimbo mbili za shaba nilizosimika bustanini mwezi uliopita. Nilitaka zikae mita 20 moja kutoka nyingine, amplifaya ya muziki isukume mkondo kati yake, na ishara ya kilohezi 8.27 (mitetemo 8,270 kwa sekunde) ipite kwenye udongo. Nilijiaminisha kwamba pasipo antena hapana redio, na pasipo redio hapana leseni ya kuomba. Niliwahi kusikia kwamba kwa wanaredio wa ridhaa (wanaorusha redio kwa kupenda tu) wa Ujerumani na Marekani, chini ya kilohezi 9 ni uwanja huru, nikadhani hata hapa Leicester, Uingereza, ni hivyohivyo.

Kumbe sivyo. Kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kuhusu vifaa visivyo na leseni zinaanza kuhesabu nishati ya redio kwenye kilohezi 9. Uingereza haikuweka kikomo cha chini. Kifungu cha 116 cha Sheria ya Simu za Upepo ya 2006, kinachoeleza simu ya upepo (mawasiliano bila waya) ni nini, kinataja nishati ya sumakuumeme isiyozidi gigahezi 3,000, basi. Kuhusu njia ya kupita, kinasema isiwe kitu kilichotengenezwa au kupangwa kwa kazi hiyo. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Waya uliofukiwa umepangwa kwa kazi hiyo. Udongo wangu wenye mizizi ya mwaridi haujapangwa na mtu. Kwa jinsi ninavyoielewa, fimbo zangu nazo ni simu ya upepo, na kifungu cha 8 kinakataza kuweka au kutumia kituo bila leseni au msamaha. Leseni yangu kamili ya ridhaa inaanzia kilohezi 135.7.

Nimefurahi kwamba sikuwa nimewasha.

Februari 16

Mbona 8.27 na si 8.97, waliyoipenda wajaribu wa zamani? Jibu liko kwenye mkutano wa 2012 wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa. Uligawa kilohezi 8.3 hadi 11.3 kwa vituo vya hali ya hewa vinavyosikiliza radi bila kurusha chochote. Chini ya 8.3 hakuna huduma yoyote iliyogawiwa, ila nchi inayoruhusu matumizi huko lazima ihakikishe walio juu ya mstari hawasumbuliwi. Nakubaliana kabisa na sharti hilo. Anayepima radi anategemea ukimya, na mimi nitakuwa hezi 30 tu chini ya mpaka wake. Kwenye ombi la leseni nitaeleza jinsi ninavyozuia ishara isitawanyike: saa ya GPS inaongoza masafa, na chujio linakaa baada ya amplifaya.

Machi 2

Hesabu za kuambatanisha. Urefu wa wimbi ni kilomita 36 na ushee. Nguzo yangu ya antena, itakayochukua nafasi ya fimbo, ina mita 10, na waya wa juu unaipa jumla ya pikofaradi 150 hivi za uwezo wa kuhifadhi chaji. Ili ikubaliane na 8.27 inahitaji koili (waya uliozungushwa) ya henri 2.5, yaani mizunguko zaidi ya elfu nne kwenye ndoo za lita 20. Nikisukuma ampea 0.1, kileleni kutakuwa na karibu volti 13,000, na kitakachotoka kama mawimbi hakifiki maikrowati moja.

Volti 13,000 kwa maikrowati moja! Bustani ina watoto wa jirani wanaofuata mpira, kwa hiyo uzio umeingia kwenye mpango kabla ya kitu kingine chochote.

Machi 15

Wakati huu nasikiliza tu. Fremu ya mbao ya mita moja, mizunguko ya waya, na kadi ya sauti ya kompyuta inayochukua sampuli 48,000 kwa sekunde. Hiyo inanifikisha karibu kilohezi 24. Kituo cha Anthorn, kinachorushia nyambizi za kijeshi ujumbe, kinaonekana wazi kwenye 19.58. Napima nguvu ya mawimbi yake tu, maana ujumbe si wangu. Usiku radi zinapasuka mfululizo, paa, paa, paa. Bonde la Kongo lina radi nyingi kuliko karibu popote duniani, na milio ya radi kwenye masafa haya husafiri maelfu ya kilomita. Huenda baadhi ya hizo zimetoka huko. Nilikaa mpaka saa nane usiku na chai ikapoa.

Machi 23

Ombi la leseni ya ubunifu na majaribio limeenda leo Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza: mahali, masafa, nguvu, muda wa majaribio, na namba ya simu ya kunipata nizime mara moja nikisumbua mtu. Mlioko nyumbani msifuate majibu yangu. Tanzania ulizeni TCRA, Kenya Mamlaka ya Mawasiliano, na mpeleke swali lenye masafa na wati zilizoandikwa.

Koili imefika mizunguko 2,900. Haijaunganishwa na kitu chochote zaidi ya kipimo cha henri.